Ma Sicong Hakuwa Mkimbizi Bado
Foleni ikikushika Waiyaki Way pale Mountain View, sikiza Sixiang qu, utungo wa fidla wa Ma Sicong. Wengi wetu husikia kilio cha mkimbizi, na maisha yake yanashawishi: Januari 1967 alitorokea Hong Kong kwa boti, baada ya kudhalilishwa na wanafunzi wa konsavatori aliyoiongoza Beijing. Alifia Philadelphia, 1987, bila kurudi. Lakini kumbe aliutunga 1937, kijana tu, bado yuko kwao! Huruma yetu imemnyang'anya kazi yake. Alichukua wimbo wa wenyeji wa Suiyuan, akaufungua taratibu. Hebu sikiza pale katikati: fidla inachangamka, karibu icheke, ndipo inarudi chini polepole.