Hesabu na Kutoa Hesabu: Tahakiki ya Dhima ya Mwalimu wa Watu Wazima Makiso

Kisomo cha watu wazima hufasiliwa kwa mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mpangilio huu umezoeleka hata hauulizwi tena. Hesabu huja mwisho katika fasili, na aghalabu huja mwisho darasani pia, kama jambo la kufundishwa muda ukibaki. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo yamefifisha dhima ya mwalimu wa hesabu, na kwamba Kiswahili chenyewe kinatuonyesha dhima hiyo ni ipi. Mfano wetu ni Makiso, komini ya katikati ya mji wa Kisangani, penye soko kuu.

Neno hesabu lina maana mbili zisizotengana. Ya kwanza ni elimu ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ya pili ni taarifa ya mali: aliyekabidhiwa fedha za watu hutoa hesabu, na wenye fedha humdai hesabu. Wahenga waliziunganisha waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kisomo kimeshika zaidi maana ya kwanza. Hata mradi mashuhuri ulioanzishwa Mwanza, Tanzania, mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, uliofungamanisha kisomo na kazi kama kilimo cha pamba, ulitanguliza uzalishaji. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Lakini kuzalisha ni jambo moja, na kudai hesabu ya kilichozalishwa ni jambo jingine.

Kosa la kwanza la mwalimu ni kudhani kwamba mwanafunzi wake hajui hesabu. Mama auzaye mchele au mawese sokoni hupiga bei ya makopo kumi na mawili, akaondoa mtaji na kurudisha chenji, yote kichwani. Utafiti wa Terezinha Carraher na wenzake, uliochapishwa mwaka 1985 kuhusu watoto 5 wachuuzi wa Recife, Brazil, ulionyesha kwamba walipatia karibu asilimia 98 ya hesabu za biashara yao, bali walipoulizwa kwa mtindo wa shule, bila muktadha, walipatia asilimia 37 tu. Kwa hiyo mwalimu anayeanza na moja jumlisha moja humvunjia heshima mtu mzima. Anachokosa mama huyu si akili ya hesabu, bali maandishi yake. Hesabu iliyo kichwani haikaguliwi na mwingine. Katika likelemba, mchango wa zamu ujulikanao sana nchini Kongo, mshika daftari ndiye mwenye neno la mwisho; asiyeweza kulisoma hana ila kumwamini.

Historia ya nchi inaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zilifanywa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1 ya Kongo. Yaani katika miaka 5 tu, zaire za zamani bilioni 300 zilikuwa faranga 1. Tena, tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa mafungu 5 ya milioni 65 kila mwaka: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali na 60 kwa maliasili. Vita vya siku sita vya Juni 2000, vilivyopiganwa Kisangani na majeshi ya Rwanda na Uganda, vimo katika mambo yaliyozingatiwa. Raia aliyefiwa katika vita hivyo ana haki ya kuifuata hesabu hiyo kutoka milioni 325 hadi kiasi kilichoandikwa mbele ya jina lake. Nani atamfundisha kuifuata, kama si mwalimu huyu?

Suala la lugha nalo haliepukiki. Kisangani mtu huzungumza Kiswahili au Kilingala, na mara nyingi akataja bei kwa Kifaransa. Mtetezi wa usanifu angetaka mwalimu amsahihishe, aseme elfu mbili na mia tano. Hatukubaliani naye. Mwalimu na ayapokee majina yote ya namba, kisha aonyeshe kwamba yote huandikwa 2,500. Hata hivyo, maelezo ya asilimia, riba na salio hayana budi kutolewa kwa lugha ambayo mwanafunzi huifikiria. Na Kiswahili, kikiwa mojawapo ya lugha nne za taifa, kina istilahi za kutosha.

Kifungu cha 44 cha Katiba ya mwaka 2006 kinakufanya kufuta ujinga wa kutojua kusoma kuwa wajibu wa taifa. Kwa maoni yetu, wajibu huo haujatimizwa mwanafunzi anapoweza kujumlisha ubaoni. Umetimizwa anapoweza kumwambia mshika daftari, kwa adabu na bila hofu, "Tuonyeshe hesabu," akaisoma na kuona ilipopunguka. Na kama mwalimu mwenyewe ndiye atunzaye michango ya darasa, basi imempasa awe wa kwanza kuitolea hesabu mbele ya wanafunzi wake.