Ukuta Unaotoka

Seremala wa Sengerema anayeijua thamani ya mbao haziachi sakafuni. Huzipandisha darini, chini ya bati, ambako joto la mchana huzikausha na mchwa hawazifikii kwa urahisi. Kazi ni kuzifikisha huko. Ubao wa futi 12 haupiti kwenye tundu la ngazi. Kichwa kikiingia, mkia unagonga ukuta. Ndiyo maana nauhusudu ukuta wa mwisho wa karakana, ile pembetatu iliyo chini ya paa, unapojengwa hivi kwamba sehemu yake moja inatoka nzima. Lori linarudi nyuma hadi ukutani, na misonobari ya shamba la Buhindi inapanda moja kwa moja kutoka kwenye bodi mpaka juu ya boriti.

Kwa nini usiwe mlango? Kwa sababu paa linashuka pande zote mbili. Mlango ungegonga ukingo wa bati kabla haujafunguka vizuri, na ukifunguka, upepo wa ziwa ungeupigiza mpaka skrubu zing'oke.

Uzuri wenyewe uko kwenye mifereji miwili. Fremu ya juu huchimbwa mfereji wa kina cha sentimita 2.5, ya chini sentimita 1. Kipande kinachotoka hukatwa kirefu kuliko uwazi kwa sentimita 2. Ukiwa darini, unakiingiza juu kwanza, unasukuma sehemu ya chini mpaka kisimame wima, kisha unakiachia kishuke kwenye mfereji wa chini. Huko juu bado kimeshikwa kwa sentimita 1. Uzito wake ndio unaokifunga. Linabaki komeo moja la ndani, mwizi asije akakiinua. Mafundi wa Pwani nao waliziamini mbao hivyo: mabawa ya milango ya kale ya Mji Mkongwe, Zanzibar, huzunguka kwa ncha zilizochomekwa juu na chini, bila bawaba.

Lakini ziwa halimsamehe fundi mwenye haraka. Ubao ukinywa unyevu hupanuka kwa upana, kwa urefu karibu haubadiliki. Kipande kilichokaa barabara mwezi Agosti, Aprili hakitoki hata kwa nyundo. Fundi mwenye subira huacha nafasi kila upande, akaifunika kwa papi iliyopigiliwa kwenye fremu tu, ili mvua isiingie na mbao zipate pa kupumulia. Mfereji wa chini huutoboa matundu yanayoelekea nje, maji yasituame. Mgongoni hupiga ubao wa mshazari, kipande kibaki na pembe zake hata kikiinuliwa kwa kona moja.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wa kweli. Kwenye ukuta wa kudumu, msumari na lipu huficha mengi. Huu hukaguliwa kila mzigo unapofika, na mizigo haikawii: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata lori lenye mbao kutoka ng'ambo halisubiri tena zamu ya kivuko.

Tafadhali, fundi, chonga alama ya JUU kwa patasi ubavuni mwa kipande, rangi hufutika. Vishikio viwe viwili, vya mninga, juu kidogo ya nusu ya urefu wake: anayekitoa amesimama kwenye mbao za dari, na anahitaji kukivuta kije kwake, kisimwangukie aliye chini kwenye lori.