Benchi la Fundi Ngozi Hukaguliwa Chini

Kwenye mapokezi ya hoteli moja hapa Mbarara pamewekwa benchi la zamani la fundi ngozi. Limepigwa msasa hadi likawa jeupe, likapakwa vanishi tabaka kwa tabaka, na wageni wanapanga foleni kulipiga picha. Wanasema limeokolewa. Niliinama kulichungulia chini, nikaondoka nimeudhika. Benchi lile limeuawa, na aliyeliua amelipwa na kusifiwa.

Nawaandikia wenzangu wa Kakiika, hapa hapa Mbarara, ambao bado wanakuta mabenchi kama hayo kwenye mabanda ya nyuma, chini ya magunia ya mkaa, wasijue wameshika mali au kuni. Huku kwetu ni adimu, na sababu zake tunazijua. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, karakana zikabaki na zana zisizo na wenyewe. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yakauteka mji, na majengo yake mengi yakalipuliwa kwa baruti. Mbao kavu, miaka ya namna hiyo, huishia jikoni. Benchi lililovuka yote hayo halistahili kuja kufa mikononi mwa kijana mwenye mashine ya msasa.

Liwe la mvule. Kwa hili sibishani na mtu. Mkalitusi hupinda, msonobari hulegea, na mahogani ni ya makabati. Mvule huwashinda mchwa, na ndani yake hujificha vijiwe vinavyovunja makali ya randa. Ukiona mahali randa iliruka ikaacha mkwaruzo, furahi. Uso wa benchi usiwe na kichwa cha msumari hata kimoja. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome, ikilazwa ikiwa na maji juu ya chuma, hupata doa jeusi lisilotoka kirahisi, kwa hiyo mafundi wa zamani walifunga mbao zao kwa vigingi. Droo moja inatosha. Droo mbili ni benchi la karani.

Lakini hayo hata mgeni anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Kitu kinachowapita wote, na kilichowapita wale wa hotelini, ni mguu.

Fundi ngozi hapigi nyundo popote. Anapiga juu ya mguu. Panchi ikisimama katikati ya ubao, ubao unanesa na kulimeza pigo. Tundu halikatiki, fundi anapiga tena, panchi imeshasogea unywele mmoja, na tundu linatoka na midomo miwili. Ikisimama juu ya mguu, nguvu yote inashuka hadi sakafuni na pigo moja linamaliza kazi. Kwa hiyo waunda mabenchi waliojua kazi yao walitoboa ubao wa juu moja kwa moja, wakaupandisha ulimi wa mguu hadi kichwa chake kikaonekana juu, mraba mdogo wenye nyuzi zilizosimama. Hapo ndipo fundi alipopiga maisha yake yote. Mraba huo hung'aa, hushuka kidogo chini ya ubao unaouzunguka, na huwa mweusi kwa nta na jasho. Kwa anayetumia mkono wa kulia, huwa ni mguu wa mbele wa kulia. Kwa wa shoto, kinyume chake.

Yule wa hotelini aliona shimo, akalijaza gundi na unga wa mbao. Kisha aliporudisha ubao aliugeuza, mbele ukawa nyuma, kwa sababu upande wa nyuma ulikuwa msafi zaidi.

Nakivale, upande wa New Congo, yupo mzee aliyetoka Uvira, huko Kongo, ambaye ndiye aliyenifundisha kutazama. Kambi hiyo ya Isingiro imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na mafundi wengi wa Kivu walifika wakiwa na mikono yao tu. Zana wamezitafuta huku. Ukimpelekea benchi, hata hagusi uso wake. Analala chali chini yake kwenye vumbi, anagonga kwa fundo la kidole, anasikiliza. Siku moja nilimharakisha.

"Mzee, juu si pazuri?"

"Mwanangu, juu ni pa mteja. Njoo ulale hapa."

Walaghai nao wamesikia kwamba wanunuzi wanapenda makovu. Wapo wanaochukua mbao za masanduku ya mizigo, wanaziloweka oili chafu ya gari, wanazicharaza kwa mnyororo, wanaziuza kama urithi wa dukawala wa Kiasia. Wasichojua ni kwamba kazi ina mwelekeo. Anayekata ngozi huvuta kisu kuja kwake, basi makovu ya kisu hutoka mbali yakaja karibu, yakiinama upande mmoja. Mnyororo hutawanya. Benchi lenye vidonda kila kona halijawahi kulisha mtu.

Nakumbuka High Street ya Mbarara ilipokuwa na sauti ya nyundo za mafundi ngozi asubuhi, na mwanagenzi hakukabidhiwa msharasi kabla ya kujifunza kukaa. Leo ngozi za ng'ombe wa Ankole zinapakiwa kwenye malori zikiwa zimechakatwa nusu tu, na sisi tunanunua kandambili.

Ukilipata la kweli, fanya machache. Mguu ulioozea chini usiubadilishe wote. Kata kwa mshazari palipo pazima, unga kipande cha mvule mkongwe. Tumia gundi inayochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, ambayo fundi atakayekufuata ataweza kuilegeza kwa mvuke. Uchafu utoe kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kisha nta ya nyuki. Msasa usiukaribishe kabisa: chembe zake hubaki ndani ya mbao, zinafisha makali ya kisu na kuchubua ngozi. Kama mtu amekutangulia na vanishi, ipare kwa kigae cha kioo, ukiuzunguka ule mraba wa mguu bila kuugusa. Kioo kikianza kutoa unga badala ya maganda membamba, kitupe, uvunje kingine.