Mbegu ya Muhogo Isiyo Punje

Jirani yangu wa Mtopanga, Kisauni, akiomba "mbegu" ya muhogo hatarajii punje. Anataka mti. Masika yalipoanza nilimtazama akikata: ncha mbichi aliitupa, kishina kigumu cha chini akakiacha, akachukua sehemu ya kati tu. Kila pingili kiasi cha sentimita 25, macho matano hadi saba, kwa panga kali ili ganda lisichanike. Akaichomeka mshazari kwenye mchanga wenye unyevu, macho yakielekea juu.

Mbona asipande punje, na muhogo nao huzaa punje? Kwa sababu kila punje huja na tabia zake. Ukipanda kumi za aina ya Kibandameno waweza kupata mihogo ya kila namna: huu mtamu, huu mchungu, huu nyuzi tupu. Muuza mihogo ya kukaanga pale feri Likoni hawezi kubahatisha hivyo. Wateja wake wanautaka ule ule unaoiva laini. Pingili humpa ule ule, maana si mtoto wa mti bali ni mti wenyewe unaoendelea. Tena ina akiba yake ya chakula, huku mche wa punje ukianza mnyonge na kumezwa na magugu. Na mkulima wa mahindi anayejiwekea mbegu hujinyima sehemu ya chakula. Wa muhogo hula mzizi, akapanda mti.

Ila pingili hurithi na maradhi. Batobato, ambayo Mjerumani Warburg aliieleza mwaka 1894 kutoka Usambara, huenezwa na nzi weupe, na huenezwa na ukarimu wetu wa kugawiana miti. Kibandameno haiihimili kabisa. Mwaka juzi nilipanda miti ya bure: majani yalichipua yamejikunja, yana madoa ya njano, na mizizi niliyochimba ilikuwa kama vidole.

Punje inabaki na kazi moja kubwa, ya watafiti: kutafuta aina mpya. Miaka ya 1930 huko Amani, Tanga, walipandanisha muhogo na mti wa mpira wa Ceará wakitafuta kinga ya batobato. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa, hapo ng'ambo tu ya hori ya Mtwapa, nacho kimetoa aina za Tajirika, Karembo na Shibe. Aina nzuri ikishapatikana, punje huwekwa kando, panga likashikwa tena.

Basi ukipewa miti, usiridhike na unene wake. Omba kwanza uonyeshwe majani, kabla haijakatwa.