Ufundi wa Kuivua Seli Ukuta

Ukuta wa seli ya mmea haubomolewi kwa nguvu. Mwaka 1892 mwanasayansi Klercker alijaribu kwa kisu: alizifanya seli za mmea wa majini zinywee ndani ya kuta zake, ndipo akakata. Zilizotoka salama zilikuwa chache mno. Ilipofika 1960, Edward Cocking wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, aliiachia kuvu kazi hiyo. Vimeng'enya vyake vilizila kuta kwenye ncha za mizizi ya mnyanya, seli zikabaki uchi lakini hai.

Kuvu za namna hii kwingineko huweza kuwa waharibifu. Aina moja ya kuvu wa Trichoderma, mlaji hodari wa selulosi, ilipatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikitafuna mahema ya pamba ya jeshi la Marekani. Leo maabara hununua vimeng'enya vya jamii hiyo vikiwa unga, tena kwa bei isiyo ya mchezo.

Lakini unga peke yake haufanyi kitu. Ninachokistahi ni mkono. Jani hukatwa vipande vya nusu milimita hadi milimita moja kwa wembe mpya, na wembe ukianza kuwa butu hutupwa papo hapo, maana butu husaga seli badala ya kukata jani. Vipande huzamishwa kwenye vimeng'enya viwili: kimoja huyeyusha pektini iliyozigandisha seli pamoja, kingine hula selulosi. Pamoja navyo hutiwa manitoli, kwani seli isiyo na ukuta ikikutana na maji matupu hunywa hadi ikapasuka. Kisha ni kusubiri, gizani, saa tatu au nne, zaidi kwa majani magumu. Hapo ndipo wengi hushindwa: mwenye haraka huambulia mabonge, na anayezidisha muda hukuta utando wa seli nao umeshaumia. Chombo kikitikiswa taratibu, maji yaliyofanana na chai iliyopauka hugeuka kijani. Chini ya hadubini, hata seli zilizokuwa ndefu ndani ya jani sasa ni duara kamili.

Mwaka 1971 watafiti Takebe, Labib na Melchers waliotesha mitumbaku mizima kutokana na seli za namna hii. Ila kabla ya kugawanyika, seli hujijengea ukuta mpya, kwa hiyo lazima kwanza ioshwe vizuri, vimeng'enya visije vikaula na huo.