Ziara ya Kasongo na Nyangwe: Tunaangalia Nini?

Hapa Mikelenge, mtu akisema anaenda ziara ku Kasongo, wote tunaelewa. Kule Kasongo na Nyangwe ndiko Uislamu wa Maniema ulianzia, ndiko Kiswahili chetu kilishika mizizi. Shida yangu si safari. Shida ni namna tunavyoangalia.

Wahindu wako na mji wao wa ziara, Haridwar, kule Uhindi. Wanashuka ngazi za Har Ki Pauri, wanaoga mu mto Ganga, wanapita mahekalu, jioni wanaachilia taa ndogo juu ya maji. Ni vizuri, lakini kinachonigusa ni kingine. Kuko makuhani wanaoitwa panda, wenye kuweka daftari ndefu za jamaa. Mtu akileta majivu ya marehemu wake, panda wa watu wa kwao anafungua daftari, anamuonyesha jina la babu, na la baba wa babu, waliofika mbele yake. Kisha na yeye anaandikwa. Huyo hatoki Haridwar akiwa mgeni.

Sisi je? Mgeni anapelekwa Tongoni, Kasongo ya zamani (jina lenyewe linasema: tongo ni mahame). Anahadithiwa Tippu Tip, na mtoto wake Sefu, na vita ya 1893 wakati Dhanis aliteka mji. Foto inapigwa, basi. Tippu Tip mwenyewe alituachia buku ya maisha yake, kwa Kiswahili, tena Kiswahili kitamu, sikatai. Mwenye kuisoma atakuta pembe za ndovu, baruti, na majina ya wakubwa. Wapagazi waliobeba pembe zile, karibu wote ni hesabu tu.

Nyangwe ni zaidi. Tarehe 15 Julai 1871 soko ilikuwa imejaa watu, wengi wao wanawake. Watu wa Dugumbe wakafyatua bunduki. Waliokimbilia mitumbwi wakazama mu Lualaba. Livingstone alikuwa pale, akaandika. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria wafu kati ya 330 na 400. Mto ule ule ndio unapita hapa Kindu, tunachota, tunafua. Nani kati yetu anaweza kutaja jina la mama mmoja tu wa soko ile?

Wazee wengine wananiambia: acha kufukua, leo mtoto wa mungwana na mtoto wa mtumwa wanaswali safu moja. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini kimya hiki hakituangukii sawasawa. Mmoja anajua babu yake alitoka pwani, anajua na jina. Mwenzake akiuliza, anajibiwa tu: "Babu yako alikuja na Waarabu." Alitoka wapi, kwa mama gani, hakuna.

Wachunguzi wa mambo ya kale wamekwisha kufika Tongoni, wakaongea na wazee; makala yao ilitoka 2020, kwa Kiingereza. Na sisi tunangoja nini? Kaye inauzwa hapa hapa ku soko. Imamu aweke moja, katekista moja, chifu wa kijiji moja. Waandike: jina la mzee, jina la mama yake, kabila, kijiji alikotekwa kama kinajulikana. Na ianzwe kwa wazee waliosikia ku mdomo wa babu zao, maana hao wanabaki wachache.