Hadithi za Mauaji ya Shuleni na Msomaji wa Mpitimbi

Miongoni mwa hadithi za upelelezi zinazoandikiwa vijana kwa lugha ya Kiingereza, lipo kundi moja ambalo katika miaka ya karibuni limepata wasomaji wengi. Mahali pake ni shule ya gharama kubwa, aghalabu ya bweni. Watu wake ni watoto wa matajiri, walimu wao na watumishi wao. Na tukio lake la kwanza, mara nyingi, ni maiti. Mtu ameuawa ndani ya ua wa shule, lango limefungwa, na muuaji ni mmoja wa wale wanaokula katika ukumbi mmoja. Mpelelezi naye si askari, bali ni mwanafunzi. Ni methali ya Kikulacho ki nguoni mwako iliyotandazwa katika kurasa mia tatu.

Kwa Kiswahili hadithi za upelelezi si haba, lakini mahali pake aghalabu ni shamba, mji, ofisi au hoteli, mara chache bweni. Kwa hiyo kijana wa Kiswahili azisomaye hadithi hizi azisoma kama mgeni atazamaye nyumba ya watu kwa dirishani. Yafaa basi kuuliza zina neno gani la kumwambia kijana wa Mpitimbi.

Mpitimbi ni kata ya wakulima wa mahindi katika Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma. Watu wa wilaya hiyo wanazijua shule za namna mbili. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na shule za misheni, zenye kengele, kanisa na mabweni, ni habari ya zamani katika nchi ya Wangoni. Shule za kata ni habari mpya: zilienea nchini kuanzia mwaka 2006, nyingi zikiwa zimejengwa kwa michango na nguvu za wanavijiji wenyewe, na tangu mwaka 2016 ada ya sekondari ya chini imefutwa katika shule za serikali. Shule ya kata kwa kawaida haina lango la chuma wala bawabu. Mwanafunzi huijia kwa miguu kupitia mashambani, na jioni hurudi kwao kuteka maji. Mtu akitaka kuandika kisa cha mauaji ya siri katika shule ya namna hiyo, atashindwa tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa hapana mlango wa kufunga.

Mwandishi wa hadithi ya upelelezi auhitaji mlango huo. Hadithi ya namna hii ni hesabu, na hesabu haiwezekani mpaka idadi ijulikane. Shule ya bweni humpa mwandishi idadi hiyo bila taabu: daftari la majina, ratiba ya masomo, kengele ya kulala, mwalimu wa zamu apitaye na taa. Kila mtu ana mahali pake kwa kila saa, na asiyekuwapo mahali pake amekwisha kujishitaki. Utajiri nao una kazi yake. Ndio uletao urithi, vito, wivu wa vyeo, na wazazi wenye jina la kulinda. Hivyo si kweli kwamba waandishi hawa huchagua shule za matajiri kwa tamaa ya anasa tu. Huzichagua pia kwa sababu ya ufundi.

Lakini ufundi mmoja waweza kutumiwa kusema maneno mbalimbali, na hilo laonekana mtu akitazama ni nani huangukiwa na hatia. Agatha Christie alichapisha Cat Among the Pigeons mwaka 1959. Shule yake, Meadowbank, ni ya wasichana wa watu wakubwa, na mkuu wake ni mwanamke wa akili na ujasiri. Mwalimu wa michezo apigwa risasi usiku katika banda la michezo. Kiini cha kisa ni vito vya mtawala kijana wa nchi ya kubuni ya Mashariki ya Kati, vilivyofichwa ndani ya mpini wa raketi ya tenisi bila mwenye raketi kujua. Binti wa kifalme aliyeletwa kusoma siye binti wa kifalme, na muuaji mkuu ni mtu aliyejipatia kazi shuleni kwa ajili ya vito hivyo. Kweli, kifo kimoja chatoka katika mkono wa mwalimu wa siku nyingi, aliyeipenda shule kupita kiasi; ila mwandishi amsitiri mwalimu huyo kwa kumpa kifo cha kujitolea. Hukumu ya kitabu ni kwamba sumu imetoka nje. Shule ikisafishwa itaendelea kama kwanza, na msomaji aombwa afurahi.

Robin Stevens alitoa Murder Most Unladylike mwaka 2014, akakirudisha kisa chake nyuma hadi mwaka 1934. Msimulizi ni Hazel Wong, msichana aliyetoka Hong Kong. Baba yake ni tajiri, lakini utajiri huo haumtoshi kuhesabiwa kuwa mwenyeji. Yeye ndiye aonaye maiti ya mwalimu wa sayansi. Akienda kuita watu, maiti yatoweka, na neno lake lawa neno la mtoto mgeni. Mwishowe hatia yapatikana kileleni, kwa mkuu wa shule mwenyewe, na chanzo chake ni mtoto aliyezaliwa kwa siri na kufichwa ili cheo kisipotee. Hapo sumu haikutoka nje hata kidogo.

Mwaka 2021 Faridah Àbíké-Íyímídé, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, aliandika Ace of Spades. Wanafunzi wake wawili, Devon na Chiamaka, ni weusi peke yao katika shule ya Kimarekani ya watoto wa kitajiri. Mtu asiyejitaja jina aanza kutangaza siri zao kwa ujumbe wa simu. Kitabu hiki kimeacha kanuni ya maiti ya sura ya kwanza, kwani kinachotakiwa kuuawa ni maisha ya vijana hao ya baadaye. Nao wakitafuta adui mmoja, wagundua kwamba adui ni shule yenyewe, mpango wake ukirithiwa kizazi baada ya kizazi. Devon ni mtoto wa mama mmoja afanyaye kazi za kuchosha ili mwanawe asome. Chiamaka ana mali na cheo cha kiranja mkuu. Tofauti yao ya mali haikuwaokoa.

Katika vitabu hivi vitatu hatia imesogea kutoka kwa mgeni hadi kwa mkuu, na kutoka kwa mkuu hadi kwa ukuta wenyewe. Hiyo ni sifa ya haki inayowastahili waandishi hawa. Wamejifunza kuishuku nyumba yao wenyewe, na msomaji asemaye kwamba hadithi hizi ni za kuwasifu matajiri hajazisoma vizuri.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo halikusogea tangu mwaka 1959. Katika kila kitabu swali lina haki ya kujibiwa. Julia Upjohn, msichana wa shule katika kitabu cha Christie, aviona vile vito, atoka shuleni peke yake, aenda London kwa Hercule Poirot, naye apokewa na kusikilizwa. Hazel hasadikiwi kwanza, lakini ana wasaa wa kupeleleza, rafiki mwenye kiburi cha kutosha watu wawili, na mwishowe askari wanaokuja. Devon na Chiamaka wafumbua siri kabla siri haijawafumba. Watoto hawa wana nguo, vyumba na karamu, na hayo ndiyo macho ya msomaji huyaona kwanza. Lakini mali yao kubwa zaidi ni kwamba kifo kikitokea kwao, dunia husimama mpaka kijulikane. Nafasi hiyo ya kuulizwa ndiyo ukuta wa kweli kati ya vitabu hivi na msomaji wa Mpitimbi.

Afrika ya Mashariki imekwisha kuviona vifo vya shuleni, na havikufuata mpango wa riwaya. Mwezi wa Mei 1999, katika Shule ya Nyeri nchini Kenya, shule ya bweni yenye jina kubwa, viranja 4 walifungiwa usiku walimolala wakachomwa moto na wanafunzi wenzao. Mwezi wa Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa katika bweni lililotiwa moto, ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yake yana nondo. Mwaka 2009, Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa bweni lao lilipoungua. Hapo swali la mkono gani ulioshika kiberiti ni dogo kuliko swali la nani aliyeweka kufuli, nani aliyepanga vitanda, na malalamiko ya nani yalipuuzwa muhula mzima. Kamati ya serikali ya Kenya iliyochunguza vurugu za wanafunzi, ikatoa taarifa mwaka 2001, ilikuta sababu nyingi zilizofungamana, si mkosa mmoja wa kutolewa jukwaani. Hadithi ya upelelezi hupenda kufunga kitabu mara mkosa akipatikana. Katika vifo hivi, kumpata mkosa ndio kwanza kufungua kitabu.

Kwa hiyo, akitokea mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika kwa namna hii, asianze kwa kukopa lango la chuma. Anao urithi wa karibu. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Ndani yake mwenye shamba tajiri akutwa amekufa mahali pa mzimu, na wako wanaokuwa tayari kuuachia mzimu lawama. Bwana Msa hana cheo cha polisi wala bunduki. Ana kiko chake, rafiki yake Najum, na subira ya kuwasikiliza watu ambao wakubwa hawawasikilizi. Yeye huikataa faraja ya kusema ni mizimu, kama ambavyo mwingine angesema ni ajali, au ni mapenzi ya Mungu, na jambo likaisha. Faraji Katalambulla naye, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliuleta upelelezi Dar es Salaam. Njia imelimwa, kilichobaki ni kuipitisha penye ua wa shule.

Tena riwaya ya shule ipo, ingawa si ya upelelezi. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, inayojulikana sana na wanafunzi wa sekondari Tanzania, yaonyesha watoto waliofukuzwa shule kwa umaskini, na yale yaliyowapata nje ya mlango huo. Humo yamo makosa na yamo mauti, na wahusika waonekana mchana kweupe. Kinachokosekana si jibu, bali mtu wa kulidai.

Hapo ndipo penye kazi ya mwandishi. Katika kijiji chenye shule isiyo na ukuta, siri haifichwi na kufuli. Ikiwa msichana ametoweka katikati ya muhula, wenzake huwa wanajua njia aliyopita, na bibi yake anajua zaidi. Kinachofunga vinywa ni heshima, deni, hofu ya mwenye cheo, na lile neno la wazee kwamba mambo ya nyumbani yazungumzwe nyumbani. Hadithi ya mauaji ya Mpitimbi haitauliza nani amefanya, maana hilo kijiji kizima huenda kinalijua kabla ya jogoo kuwika. Itauliza nani atasema, atamwambia nani, na huyo atakayeambiwa ataandika au ataweka kalamu chini. Msisimko wa swali hilo haupungui ule wa raketi ya tenisi. Wala haumhitaji mwandishi kumdanganya msomaji kuhusu nchi anayoikaa.

Wapo walimu wanaoogopa kwamba vitabu vya watoto wa matajiri vitawatia vijana wa shamba tamaa. Tamaa ya mazulia na karamu si kitu, hupita. Tamaa nyingine ambayo vitabu hivi huitia moyoni ni ya kufaa: kuamini kwamba mtoto aliyekufa lazima aulizwe habari zake, na kwamba mtoto mwenzake ana haki ya kuuliza. Kijana wa Mpitimbi akikirudisha kitabu kwa mwenyewe akiwa na tamaa hiyo, hakupoteza jioni yake.